Bei ya Gazeti

Baba yangu alikuwa na ulimi wa kila jambo isipokuwa pesa. Angeweza kumwambia mchungaji mbele ya waumini kwamba mahubiri yamekuwa marefu, na aliwahi kumwambia, lakini kutaja bei ya kitu chake mwenyewe kulimshinda kabisa. Akiuza hata jogoo, alimwita mama atoke jikoni aje aseme yeye, naye akageuka kutazama ukuta kana kwamba jogoo ni wa jirani. Mama alimcheka kwa hilo tangu nikiwa mdogo. Alisema hata siku ya mahari baba alijificha nyuma ya wajomba zake, kimya, mpaka shangazi mmoja akauliza kama bwana harusi amekuja au ametuma salamu.

Kwa hiyo wazazi wangu walipoamua kuuza nyumba yetu ya Kitengela, nilijua kutakuwa na sarakasi. Nilichokuwa sijui ni kwamba gazeti ndilo lingekuwa mdomo wa baba.

Nyumba yenyewe naikumbuka kabla haijawa nyumba. Mapema miaka ya tisini baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji huko Athi River, na mama alikuwa muuguzi kwenye zahanati. Tuliishi katika chumba cha kupanga. Baba akanunua kiwanja Kitengela kutoka kwa mzee mmoja wa Kimaasai ambaye ardhi yake ilianzia barabarani ikaishia mahali macho yanapochoka. Wakati huo hakuna aliyekuwa akigombania Kitengela. Kiangazi kilikuwa vumbi tupu, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi ulikuvua kiatu ukabaki nacho. Punda milia walipita kwenye kiwanja chetu asubuhi wakienda malishoni, wakarudi jioni, bila kumwomba mtu ruhusa.

Wenzake kiwandani walimcheka. Walimuuliza kama punda milia watakuwa wakilipa kodi. Kwao Vihiga walimcheka zaidi, kwa sababu kwetu mwanamume hujenga kwao kwanza, ugenini hupanga. Ndugu zake walisema ameoa mji. Baba alinunua sururu.

Ule udongo mweusi wa Kitengela una tabia mbaya. Mvua ikija unavimba, jua likiwaka unanywea, na nyumba iliyokaa juu yake hupasuka kuta kutoka pembe hadi dirisha. Fundi aliyeitwa kuchimba msingi alisema kina cha magoti kinatosha. Baba alimlipa nusu siku, akamuaga kwa heshima, akaanza kuchimba mwenyewe. Kila Jumamosi tulitoka Athi River na sururu, koleo na chai ya chupa. Baba alichimba, mama alitoa udongo kwa karai, mimi nilikaa kwenye kivuli cha mwavuli nikila viazi vitamu. Wiki zilivyosonga nilimwona baba akizama, kwanza miguu, halafu kiuno, hatimaye nikabaki naona sururu tu ikipanda na kushuka.

Siku moja yule mzee aliyetuuzia kiwanja alipita na mbuzi wake, akasimama ukingoni akachungulia.

"Sopa," akasalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," baba akajibu kutoka chini.

"Unazika nani?"

"Nazika kodi ya nyumba, mzee."

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Baba aliendelea kuchimba mpaka sururu ikagonga mwamba ikatoa cheche. Siku hiyo alitoka shimoni akakaa chini, akanywa chai yote peke yake, na hakuna aliyemnyima.

Nyumba ilipanda polepole, chumba baada ya chumba, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Mama naye, kwa chama chake cha kina mama waliokuwa wakijengeana matangi kwa zamu, akapata tangi kubwa la saruji la kukinga maji ya paa, maana maji ya kisima ya kule yalikuwa na chumvi na yaliletwa kwa mikokoteni ya punda. Akapanda ua wa miiba, akapanda mipapai. Kila kiangazi, udongo ulipoanza kufunguka nyufa za kuingiza mkono, baba alizunguka nyumba akipapasa kuta kuanzia chini. Akimaliza alisema, "Hakuna." Na mama akajibu kutoka jikoni, "Haya, kuja ukunywe chai basi." Kuta za majirani zilipasuka zikapakwa saruji zikapasuka tena. Zetu, hakuna.

Sikumbuki hata mara moja mama akiisifu ile nyumba. Hakuwa mtu wa kusifu. Upendo wake aliupitisha kwenye sahani, na mdomo wake aliuweka kwa ajili ya utani. Ukimletea zawadi angekuuliza umeiiba wapi, kisha ukamwona ameivaa kanisani miaka mitano.

Basi miaka ikaenda, ikaingia elfu mbili, wote wawili wakastaafu. Na huko Vihiga, ng'ambo ya kijito kutoka boma la kwao baba, nyanya yangu mzaa mama alikuwa amebaki peke yake na macho yanafifia. Mama ndiye mtoto pekee aliyesalia. Alitaka jambo moja tu, na alilisema waziwazi: arudi nyumbani kabla macho ya mama yake hayajafunga kabisa, ili nyanya amwone akirudi kukaa, si kama mgeni mwenye mfuko wa mkate anayeondoka Jumatatu. Nyumba ya baba huko kwao ilikuwa na kuta bila paa. Kitengela ikiuzwa, paa litapatikana, nao watakwenda.

Walikubaliana bei jikoni. Mama ndiye aliyeitaja, baba akitazama ukuta, kisha baba akatikisa kichwa kwamba sawa. Palikuwa na kazi ndogo ya kwanza. Wakati mmoja tulipokwenda nyumbani kwa Krismasi, baba aliandika kwenye ukuta wa mbele kwa herufi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI, kwa sababu ya matapeli waliokuwa wakiuza mali za watu wakiwa safarini. Sasa akachanganya chokaa akayafuta maneno yale. Tukangoja wanunuzi.

Kabla hawajaja, Alhamisi ikaja. Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa mfanyabiashara kutoka Murang'a aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kila Alhamisi alinunua gazeti lenye kurasa za nyumba na viwanja. Akimaliza alimpitishia baba juu ya ua. Alhamisi hiyo hakulipitisha, alilileta mwenyewe, mbio, na suruali imenasa miiba. Kichwa kikubwa cha habari kilisema bei za Kitengela zimepaa. Chini yake palikuwa na picha ya nyumba zenye vigae vyekundu, lami mpaka mlangoni, na askari wa lango amesimama wima. Nyumba zile zilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya ukuta, na maji yao hayakuletwa na punda. Lakini gazeti lilikuwa limeandika Kitengela, na sisi tulikuwa Kitengela.

Baba alisoma amesimama. Akasoma tena ameketi. Halafu akamsomea mama kwa Kiingereza, akamtafsiria kwa Kiswahili, akamaliza kwa Kilogooli, lugha ya kwetu. Baadaye alichukua mkasi wa mama wa kushonea, akaukata ukurasa ule kwa uangalifu, akaukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kanisani. Bei iliyotajwa jikoni ilikufa siku ile bila matanga.

"Gazeti limesema," baba alianza kusema, kuhusu kila kitu.

"Basi tungoje gazeti lije linunue," mama akamjibu.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa mume na mke kutoka Rongai, vijana, mke akiwa mwalimu. Walikuwa wamechoka na mwenye nyumba wao aliyepandisha kodi kila akinunua kitu kipya. Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Mama akachinja kuku. Mtu akija kuiangalia nyumba yako ameingia nyumbani kwako, na kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Wakala ugali na kuku, wakasifu. Mama akawauliza watu wao ni wa wapi, wakasema. Chai ikaja. Vijana wale walikuwa wakingoja bei. Baba alikuwa akingoja chakula kiishe. Chakula kikaisha, na aibu ikazidi, maana utamdai vipi mtu pesa naye vidole vyake bado vina mafuta ya kuku wako?

Hapo ndipo baba alipotia mkono kwenye koti. Akatoa ukurasa, akaufungua juu ya meza, akaugeuza uwaelekee, akaulainisha kwa kiganja. Kisha akatazama ukuta.

Mume alisoma. Mke alisoma. Waliangaliana.

"Mzee," yule mwalimu akauliza kwa upole, "hii ndio bei ya hii nyumba?"

"Ndio bei ya Kitengela."

"Na hii nyumba sasa?"

"Kwani haiko Kitengela?"

Mama aliwasindikiza hadi langoni, akawapa papai, wakarudi Rongai na papai. Baba alibaki mezani akiukunja ukurasa wake kwa zile alama nne za zamani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Mtu aliyetoka kumfukuza mnunuzi hafurahi hivyo.

Wengine walikuja, wakala, wakasoma, wakaenda. Kuku walipungua kiwanjani. Akitokea mtu aliyeikaribia bei ya ukurasa, Alhamisi nyingine ilifika na ukurasa mpya, na wa zamani ukaenda kutandikwa kwenye rafu za jikoni chini ya sufuria. Si baba peke yake. Jirani mwenye duka aliandika bango lake la kuuza kwa bei ya gazeti, na mwalimu mstaafu wa mwisho wa njia akaweka ya kwake juu kidogo kwa sababu, alisema, yeye ana kona. Wanaume wale walikutana kwenye ua wetu kila Alhamisi jioni, gazeti moja, miwani mitatu, wakipongezana kwa utajiri. Nyumba zote zilikuwa na bei kubwa, na hakuna hata moja iliyouzwa.

Hata yule mzee wa mbuzi alikuja. Alikuwa amesikia redioni. Alimtaka baba amsomee ukurasa mzima, asiruke neno, kwa sababu alikuwa na kipande kingine cha kuuza.

"Kwa hivyo ile niliuzia wewe," akasema baba alipomaliza, "nilikupatia bure."

Baba akaona haya, akatafuta ukuta wa kutazama. Tulikuwa nje, hakuna ukuta karibu.

"Wacha," mzee akacheka. "Mimi niliuza matope. Hiyo shimo ulichimba wewe."

Akaenda akapandisha bei ya kipande chake, na kipande kile kikaendelea kulisha mbuzi wake kama kawaida.

Nitasema wazi kwamba wakati ule nilimkasirikia baba. Nilikuwa nimeanza kazi Nairobi, nikija Jumamosi na mkate, na kila nikija nilimkuta mama ameketi mlangoni anatazama upande wa barabara, na baba ameketi ndani anatazama gazeti. Nilidhani ni tamaa. Mama hakusema ni tamaa. Alisema, "Wacha yeye. Ako na kitu anatafuta."

Halafu simu ikaja kutoka Vihiga. Nyanya alikuwa amemsikia mke wa jirani akipita njiani, akamwita kwa jina la mama yangu, akamshika mkono, akamshukuru kwa kurudi. Walipomweleza kwamba siye, alilia. Mama alisikiliza simu ile mpaka mwisho, akaiweka mezani, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mvua za kupanda zilipokaribia, akafunga mizigo. Jembe lake, sufuria mbili, blanketi, mbegu. Baba alisimama mlangoni akidhani ni mzaha.

"Mzee, mimi naenda," mama akasema. "Mahindi haingoji Alhamisi. Nitaezeka chumba kimoja na hiyo mabati ya jikoni ya huko nikae hapo. Nyumba ikiuzwa mtanipata huko."

"Na ikikosa kuuzwa?"

"Basi utakuwa tajiri peke yako."

Alisema hivyo akimfunga baba kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Hakuwa na hasira. Nilimsindikiza hadi basi, na ninakiri kwamba sijawahi kumwona mwanamke akipanda basi na jembe kwa maringo kama yale.

Nyumba bila mama ilibadilika upesi. Vumbi lilikaa mezani likajiona mwenyeji. Baba alijifunza kupika chai yenye moshi. Mvua ikaja, ikaosha ile chokaa ya ukuta wa mbele, na maneno ya zamani yakarudi kidogo kidogo mpaka yakasomeka tena: HAIUZWI. Baba aliyaona. Hakuyafuta.

Ndipo wale vijana wa Rongai wakarudi, safari hii wakiwa na mtoto mgongoni. Nilikuwepo. Walisimama mbele ya ukuta wakasoma.

"Mzee, umebadilisha nia?" mume akauliza.

"Ni mvua," baba akasema. "Karibuni."

"Tumezunguka sana," mwalimu akasema. "Kila mahali tukienda hatuambiwi kitu, tunaonyeshwa gazeti tu. Ata sijui kama hao watu walijenga nyumba ama walijenga gazeti."

Nilikimbilia jikoni kuwasha jiko, lakini baba alinizuia kwa mkono, akapika chai mwenyewe. Wageni wakainywa na moshi wake bila kulalamika. Hakukuwa na kuku, mezani hapakuwa na pa kukaa kwa adabu, kwa hiyo baba akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgeni yeyote. Aliwatoa nje.

Aliwapeleka kwenye pembe ya nyumba, akawaambia waweke mikono ukutani, pale chini. Akawaonyesha ule udongo. Akawaambia yule fundi alisema magoti, naye akasema hapana. Akawaeleza Jumamosi zile, sururu, cheche, mwamba. Mume alipiga goti, akagonga kwa kifundo cha kidole, akauliza kina kilifika wapi, na baba akaonyesha juu ya kichwa chake mwenyewe. Sikuwahi kumsikia baba akizungumza kwa urefu ule. Kisha akawapeleka kwenye tangi. "Hii ni ya mama," akasema. Kwenye ua wa miiba. "Hii pia ni ya mama." Kwenye mipapai alisimama tu. Hakusema ni ya nani.

Mkono wake ukapanda kifuani kutafuta mfuko, lakini hakuwa amevaa koti. Alikuwa na shati la kazi. Koti lilikuwa ndani, nyuma ya mlango, na ukurasa wake mfukoni. Nilimwona akitazama mlango ule. Ingemchukua hatua chache tu.

Hakwenda. Alimtazama yule mwalimu usoni, akamtazama mtoto, akataja bei kwa kinywa chake. Ilikuwa ile ya jikoni, ile aliyoitaja mama.

Mwalimu alifunika mdomo kwa kanga ya mtoto. Nimewaona wanaume wakifanya mambo makubwa, lakini kwa mtu kama baba, kusimama pale bila ukuta wa kutazama na kusema bei, hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote, na nilimpenda sana siku ile.

Jirani mwenye duka alinuna. Alimwambia baba juu ya ua kwamba ameharibu bei ya njia nzima, na gazeti halikupitishwa kwa muda. Baba hakuliulizia.

Ilibaki bodi ya ardhi. Huwezi kuuza ardhi yetu ile kimyakimya. Lazima mwende mbele ya bodi Kajiado, muuzaji na mnunuzi, na mke wa muuzaji awepo, asimame, aulizwe, ajibu kwa mdomo wake kama anajua na kama amekubali. Wanaume wengi wameumbuka pale. Mama akapigiwa simu, akasafiri kutoka Vihiga, akatukuta Kajiado asubuhi amevaa suti yake ya kanisani, amekonda, na udongo mwekundu wa kwetu bado uko chini ya kucha zake. Alikuwa anang'aa.

Tulipokaa kwenye benchi nilimuuliza habari za nyanya.

"Sasa haoni," akasema. "Lakini nikifika aliniona. Hiyo wiki ya kwanza aliniona vizuri kabisa. Aliniambia nimezeeka." Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Siku hizi nikivuka tu kijito anajua miguu yangu."

Baba alisikia yote. Alikuwa amevaa lile koti, na alikuwa na jasho. Mama alipoenda kunawa, baba aliniinamia. "Ataniaibisha," akasema. "Amecheka hiyo gazeti tangu siku ya kwanza, na nimerudi kwa bei yake. Atanicheka mbele ya watu wote." Nami nilikuwa nawaza vilevile.

Tukaitwa. Bwana D.O., ofisa wa serikali aliyeongoza bodi, alikaa katikati, wazee wa bodi kando yake, watu wengine wakingoja nyuma yetu na mashauri yao. Vijana wetu wa Rongai walisimama upande mmoja na mtoto. Mama alisimama wima, mkoba mbele kwa mikono miwili.

"Mama, unajua mzee anauza?"

"Najua."

"Bei unajua?"

"Najua."

"Umeridhika?"

"Hapana," mama akasema.

Baba aliinamisha kichwa. Bwana D.O. akaweka kalamu chini. "Hapana vipi, mama?"

"Bei ni kidogo."

"Kwa hivyo unakataa?"

"Sijakataa. Umeniuliza kama nimeridhika." Mama hakupandisha sauti. "Huyu mzee alichimba msingi ya hiyo nyumba na mikono yake, kila Jumamosi, mpaka akagonga mawe. Watu wakimcheka. Kwao wakimcheka. Mimi ndio nilikuwa natoa mchanga, kwa hivyo najua. Nyumba zote huko zimepasuka. Yake haijawahi pasuka, ata kidogo. Gazeti iliandika bei, lakini gazeti haijaona hiyo msingi. Hakuna mtu ako na pesa ya kulipa hiyo. Hawa watoto wamelipa yenye wanaweza, na mimi niko na mama ananingoja nyumbani. Nimekubali. Lakini muandike bei ni kidogo."

Mzee mmoja wa bodi alitikisa kichwa taratibu. "Ashe," akashukuru kwa Kimaasai, "ashe oleng," kama mtu aliyeletewa kitu chake mkononi. Bwana D.O. alitazama karatasi, akatazama mama, akagonga muhuri.

Nilimgeukia baba. Alikuwa ametia mkono kwenye mfuko wa ndani kutafuta kitambaa, na ule ukurasa ukatoka pamoja nacho, ukaanguka sakafuni. Hakuuona. Alikuwa analia waziwazi, mzee mzima, mbele ya watu wa Kajiado, na hakugeukia ukuta. Hapo ndipo nilipoelewa ile furaha yake ya mezani. Hakuwa akitafuta pesa muda wote ule. Wote walikuwa wamemcheka, na gazeti lilikuwa la kwanza kumwambia kwamba hakukosea.

Tukatoka nje kwenye jua. Mama alikuwa mbele, anamtazama mtoto wa wale vijana kama meno yameota. Baba alimfuata, akamshika kiwiko.

"Hayo maneno," akasema, "si ungeniambia wakati ule?"

"Ningekuambia saa ngapi?" mama akamjibu. "Ulikuwa unasoma."